Usidese mhusika, ticha!

Najua UE zinanukia na kuna watu wataniuliza kwa nini naandika habari za gemu badala ya kupiga msuli. Nivumilieni kidogo, maana hoja yangu ya leo inatuhusu sisi walimu watarajiwa kuliko inavyomhusu huyo Diablo mwenyewe.

Kuna ubishi umeibuka kwenye korido yetu tangu washkaji waanze kucheza Diablo II. Kundi moja linasema hivi: ukianza gemu unaingia mtandaoni, unatafuta mpango wa mhusika ambao wataalamu wameshaupika, unaunakili kwenye daftari pointi kwa pointi, unacheza. Basi. Kundi la pili, ambalo mpaka sasa lina watu wawili nikiwemo mimi, linasema hapana, mhusika wako wa kwanza mpange mwenyewe. Wenzetu wanatuita wagumu wa vichwa. Sisi tunawaita wadesaji, teh teh teh. Leo naomba nitoe hoja kwa utaratibu, kwa sababu pale koridoni kila mtu anapiga kelele na hakuna anayesikiliza.

Kwa wale wasiolijua gemu lenyewe. Diablo II ilitoka mwaka 2000, kazi ya Blizzard North ya Marekani. Mwaka 2001 ikaja nyongeza yake, Lord of Destruction, na mwaka 2021 ikasafishwa sura na kutolewa upya kwa jina la Diablo II: Resurrected. Lile la zamani ni jepesi sana, linakubali hata kwenye laptop ya kurithi kwa kaka, ndiyo maana hosteli linapendwa. Kwenye Lord of Destruction unachagua mhusika mmoja kati ya saba: Amazon, Assassin, Barbarian, Druid, Necromancer, Paladin au Sorceress. Unaua mazimwi, unaokota vifaa, unapanda levo. Kila ukipanda levo moja unapewa pointi 5 za mwili na pointi 1 ya ujuzi. Pointi za mwili zinakwenda sehemu nne. Kwenye skrini zimeandikwa Strength, Dexterity, Vitality na Energy, mimi hapa nitaziita nguvu, wepesi, uhai na nishati.

Gemu halikuambii uziweke wapi. Hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Hebu tupige hesabu, hata nyie wa Kiswahili na Historia hii mnaiweza. Levo ya juu kabisa ni 99. Unaanzia levo ya 1, kwa hiyo unapanda mara 98 na kupata pointi 98 za ujuzi. Halafu kuna kazi tatu zinazotoa pointi za ziada: kusafisha pango la Den of Evil (1), kitabu anachoangusha Radament (1), na kumkomboa Izual (2). Jumla 4. Gemu lina ngazi tatu za ugumu, yaani Normal, Nightmare na Hell, na kila ngazi unazirudia kazi hizo, kwa hiyo ni 12. Jumlisha na 98 unapata 110. Sasa Sorceress ana ujuzi wa aina 30, na kila mmoja unapokea mpaka pointi 20. Ukitaka kuujaza wote unahitaji pointi 600. Wewe unazo 110, tena hizo ni za mtu aliyefika levo ya 99, na kufika 99 si mchezo. Wengi wetu tutaishia 80 na kitu. Levo ya 80 ni 79 jumlisha 12, yaani 91.

Kwa hiyo kupanga mhusika ni kuamua utanyima nini. Ukishalielewa hilo umeelewa nusu ya somo.

Nichukue mfano ninaoufahamu vizuri, Sorceress wa barafu anayetegemea ujuzi unaoitwa Blizzard. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2003 kuna utaratibu wa ujuzi mmoja kuubeba mwingine. Blizzard inabebwa na ndugu zake watatu, Ice Bolt, Ice Blast na Glacial Spike. Kila pointi unayoweka kwa ndugu mmoja inaongeza madhara ya Blizzard kwa asilimia 5. Ndugu watatu, pointi 20 kila mmoja, ni pointi 60 mara 5, sawa na nyongeza ya asilimia 300. Maana yake pigo la Blizzard linakuwa mara nne ya lile la mtu ambaye hakuwajali ndugu. Kabla ya 2003 mtu aliyejaza Ice Bolt, ujuzi wa levo ya 1, angechekwa. Baada ya hapo asiyeijaza ndiye anayechekwa.

Sasa bajeti. Blizzard 20, ndugu watatu 60, jumla 80. Frost Nova 1 kwa sababu ndiyo njia ya kuifikia Blizzard. Teleport 1 ya kuruka huku na kule, na Telekinesis 1 inayoifungulia Teleport. Static Field 1. Warmth 1. Tumefika 85. Kwa mtu wa levo ya 80 mwenye pointi 91 zinabaki 6, na hizo zinakwenda Cold Mastery inayopunguza ukinzani wa mazimwi dhidi ya baridi. Kwisha habari. Hakuna moto, hakuna umeme wa maana. Huyu dada ni barafu tupu.

Ndipo unaingia Hell na kukutana na zimwi lenye kinga kamili ya baridi. Blizzard yako yenye nguvu mara nne inamwagika juu yake na lenyewe halijikuni. Waliotengeneza gemu walifanya makusudi, ili anayejaza kitu kimoja tu akutane na ukuta. Na hapo ndipo mpango unapoonyesha kama ni wa kwako au umepewa. Aliyepanga mwenyewe alishajiuliza swali hili mapema na ana jibu. Labda alikodi askari wa mkuki kule jangwani Act 2, na huyo ndiye anayeshughulika na wenye kinga. Labda ameamua kuwinda Ancient Tunnels, ambako mazimwi ya kawaida hayana kinga ya asili ya baridi. Labda anacheza Resurrected na anaisubiri ile hirizi ya kuvunja kinga iliyoletwa mwaka 2022. Au tangu mwanzo aliikataa Blizzard, akachukua Frozen Orb isiyotegemea sana ndugu, akaokoa pointi za kujenga na upande wa moto. Majibu yapo mengi. Mdesaji anagonga mlango wa jirani saa sita usiku: "Mwana, hili jitu mbona halifi?"

Nije kwenye pointi za mwili, maana hapa ndipo pana kisa chenyewe. Mipango mingi utakayoikuta ina mstari mmoja mfupi: nguvu, ya kutosha kubeba vifaa. Ukiuliza vifaa gani, unaambiwa ngao ya Monarch yenye matundu manne, uingize runi Tal, Thul, Ort na Amn upate Spirit. Ni kifaa kizuri kwelikweli, hakuna ubishi. Lakini Monarch inadai nguvu 156. Sorceress anaanza na nguvu 10. Pengo ni pointi 146, yaani jasho la levo 29 na ushee.

Kuna mshikaji (simtaji) alisoma mstari huo akautii kama amri ya mkuu wa shule. Kuanzia levo ya pili pointi zote tano akawa anatupia kwenye nguvu. Alipofika levo ya 30 alikuwa ameshaweka 145. Sasa angalieni. Sorceress anaanza na uhai 40 na kila levo inamwongezea 1. Levo ya 30 bila msaada mwingine ana 69. Kila pointi ya Vitality inampa uhai 2, kwa hiyo zile pointi 145 zingekuwa uhai 290 wa nyongeza, angekuwa na 359. Alikuwa anatembea na 69 na vijisenti vya kwenye vifaa. Kila mshale unaopita unampeleka kaburini. Na ile Monarch aliyokuwa anaiandalia kwa kawaida unaipata ukiwa Hell, hata Normal alikuwa hajaimaliza! Kwenye Resurrected angeweza kutengeneza Spirit hiyohiyo ndani ya upanga wa Crystal Sword wenye matundu manne, unaodai nguvu 43 tu. Na pointi za mwili si lazima uzitumie siku unayozipata, zinakaa pale zikikusubiri mpaka ngao ipatikane.

Mpango aliousoma ulikuwa sahihi asilimia mia. Wapi 156, wapi Spirit, yote kweli. Ila ulikuwa unaelezea nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, yeye bado yuko kwenye msingi. Tena uliandikwa na mtu anayecheza mtandaoni, anayebadilishana vifaa na maelfu ya wenzake. Sisi hapa tunacheza peke yetu bila mtandao, na bando lenyewe tunalipimia kwa kijiko. Mpango wa mwenye ghala huwezi kuupika kwenye jiko la mkaa la chumba namba fulani.

Naisikia hoja ya upande wa pili, na nitaijibu kwa heshima kwa sababu ina uzito. Wanasema: watu wamelicheza gemu hili zaidi ya miaka 20, wamefumua hesabu zake zote, wewe nani uje kugundua upya gurudumu? Na muda tunautoa wapi? Mtu ana saa mbili za gemu kwa wiki, mbili tu, kati ya semina na kufua. Akipanga vibaya anapoteza mwezi mzima.

Jibu langu la kwanza: sijasema msisome. Someni! Hakuna anayeweza kugundua peke yake kwamba Hell inakukata ukinzani wa asilimia 100 kwa moto, baridi, umeme na sumu. Lakini angalia tofauti. Ukiipata habari hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Kikomo cha kawaida ni 75. Unakatwa 100. Kumkomboa Anya kunakuongezea 10 kila ngazi, kwa hiyo 30 ukimaliza zote. 75 jumlisha 100 toa 30, unahitaji 145 kutoka kwenye vifaa na hirizi kwa kila aina. Hiyo namba ikishakaa kichwani, kila pete unayookota unajua thamani yake kwako. Hiyo naiita rejea. Kumeza orodha ya vifaa vya mtu mwingine bila kujua kwa nini alivaa hivyo, hiyo ndiyo desa. Chuoni tunazijua zote mbili, tusijifanye hatuelewi.

Jibu la pili linahusu muda. Mimi naona anayedesa ndiye anayepoteza muda, ila anaupotezea mbele ya safari. Mpango wa mtu ukikwama, huna pa kuukarabati, kwa sababu hujui ni nguzo ipi inabeba paa. Unachofanya ni kutafuta mpango mwingine wa kudesa. Nimeona mtu ana Sorceress wanne, wote wameishia Nightmare, na kila mmoja wa mpango wa mtaalamu tofauti.

Kuna na hili la kurudi nyuma. Kwa miaka kumi ya kwanza, pointi ukishaiweka imekwenda. Ukiharibu unaanza mhusika mpya. Watu walikuwa wanapitia levo nyingi bila kutumia pointi, wakizitunza kama akiba mpaka ujuzi wanaoutaka ufunguke. Mwaka 2010 toleo la 1.13 likaleta msamaha. Ukisafisha Den of Evil, mama Akara anakurudishia pointi zako zote mara moja, na kila ngazi ya ugumu ina mara yake, jumla tatu za bure. Ukitaka zaidi unakusanya viini vinne kutoka kwa wakubwa wa Hell na kuvichanganya kwenye Horadric Cube upate Token of Absolution. Diablo III ya mwaka 2012 ikaenda mbali kabisa, unabadilisha ujuzi unavyotaka bila gharama.

Wahafidhina wanasema msamaha umeua gemu. Mimi sikubaliani nao. Sikubaliani pia na wale wanaotaka kila kitu kibadilike kwa kubofya. Naona 2010 walipatia. Akara ni kama sup. Ipo, ina huruma, imeokoa wengi. Lakini ukienda kwenye UE bila kusoma kwa sababu tu sup ipo, wewe tatizo lako si UE. Nafasi tatu zinatosha mtu kujaribu wazo lake mwenyewe bila hofu, na ni chache kiasi kwamba lazima ufikiri kabla ya kujaribu. Kwa lugha ya darasani, hapo ndipo mtu anajifunza. Na ndiyo maana wadesaji hawana kisingizio tena. Mwaka 2005 ningewaelewa, kukosea kulikuwa na adhabu kali. Leo unaogopa nini?

Sasa nije nyumbani. Mwezi kadhaa mbele tunakwenda BTP. Kila mmoja wetu atabeba azimio la kazi na andalio la somo, na nyote mnajua kinachozunguka kwenye flashi: maandalio ya waliotutangulia, yamekwisha kujazwa, unabadilisha jina na tarehe tu. Andalio linasema wanafunzi watano watano wazunguke meza ya maabara, wewe umepangiwa darasa la watu tisini na maabara ni chumba kilichofungwa kufuli. Andalio lilikuwa sahihi kwa aliyeliandika. Wewe utasimama pale na nguvu 156 na uhai 69.

Hii ndiyo sababu silichukulii suala hili kama utani wa korido. Tunafundishwa tuanze na umahiri tunaoutaka kwa mwanafunzi, halafu turudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kipindi cha leo. Kupanga mhusika ni kitu hichohicho. Mtu anayeweza kukaa na karatasi akauliza "Hell inanidai nini, na leo nina nini?" ameshafanya zoezi zuri kuliko semina mbili za nadharia. Na anayekimbilia desa hata kwenye gemu, mahali ambapo hakuna msimamizi wala GPA, nauliza kwa nia njema, darasani atakuja kuiachia saa ngapi?

Basi nimalizie na utaratibu ninaoupendekeza kwa anayeanza wiki hii:

Moja, chagua ujuzi mmoja unaoupenda kuutazama. Ndiyo, unaoupenda. Utaubofya maelfu ya mara.

Mbili, andika pointi zako kwa levo ya 80, ambazo ni 91, wala usipange kwa 110. Kumbuka pia zile 12 za kazi haziji kwa pamoja. Siku unaingia Hell una 8 tu.

Tatu, andika kwa sentensi moja: zimwi lenye kinga dhidi yangu nitalifanyaje? Kama huna sentensi, huna mpango.

Nne, nguvu weka kwa kifaa ulichonacho mkononi au unachokiona kinakuja. Zinazobaki nyingi ziende kwenye uhai. Nishati usiihangaikie sana, kama unacheza Resurrected mpe askari wako silaha ndefu yenye Insight, yaani runi Ral, Tir, Tal na Sol kwa mpangilio huo, naye atakurudishia mana mnapotembea pamoja.

Tano, ukishafika mwisho wa Nightmare na mhusika wako wa mkono wako, sasa fungua mipango ya wataalamu. Utashangaa utakavyoisoma. Utaona hapa jamaa kafanya kama mimi, hapa kanizidi akili, na hapa kaandika kwa ajili ya tajiri. Siku hiyo unaruhusiwa kunakili unachotaka, maana unajua unachokichukua.

Anayepinga nipo kantini kila jioni baada ya magharibi, meza ya karibu na bomba. Aje na daftari lake, na aje na sentensi yake ya namba tatu.

Nawakilisha.